Nani Amepewa Nini, na Wapi

Mtumishi anapoiaga kazi yake, vitu vya kurudisha huhesabika kwa vidole: funguo za kabati, kitambulisho cha mlangoni, kompyuta ya mkononi na chaja yake, na pengine funguo za gari, karani wa stoo huviandika kimoja kimoja katika fomu, mwenye kuondoka akatia sahihi, na kila mmoja akaridhika kwamba amana imerejeshwa. Lakini kuna amana moja ambayo fomu ile haina nafasi yake, nayo ni idhini alizokuwa nazo mtu huyo ndani ya mitambo ya ofisi, idhini zisizoshikika mkononi wala kuning'inizwa ukutani, na siku moja, katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja, mkuu wa idara aliuliza mbele yangu swali jepesi kabisa, "Huyu bwana aliyeondoka Ijumaa, mpaka leo anaweza kuingia wapi na kufanya nini?", na katika chumba chenye watu sita wenye elimu na uzoefu hakupatikana hata mmoja wa kumjibu.

Mimi nilikuwamo chumbani humo si kwa ajili ya utaalamu wa mitambo, bali kwa kuwa riziki yangu ni kuandika maelezo ya vyombo ambavyo wengine wamevibuni, ili watakaovitumia wasije wakavitumia kwa kubahatisha. Chombo nilichopewa safari hiyo kilikuwa kidogo sana, programu ya amri moja tu, iitwayo rbac-lookup, ambayo kazi yake ni kujibu swali lile lile la mkuu wa idara. Nilidhani ni kazi ya kutwa moja. Ilinichukua majuma mawili, na katika majuma hayo nilijifunza kwamba kumweleza msomaji jibu linasema nini ni nusu ya kazi, na nusu nyingine, iliyo nzito zaidi, ni kumweleza jibu lile halisemi nini.

Mwenye kudhani kwamba haya ni mambo ya makarani peke yao na akumbuke yaliyotokea Marekani mwezi wa Mei, 2021, pale kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo mabomba yake yana urefu wa zaidi ya kilomita 8,000 na huchukua karibu nusu ya mafuta yanayotumika katika majimbo ya pwani ya mashariki, ilipolazimika kusimamisha bomba lake kwa siku tano, magari yakajipanga foleni vituoni, na wakubwa wake wakawalipa wanyang'anyi wa mtandao kiasi cha dola milioni 4.4. Wanyang'anyi hao hawakuvunja mlango. Waliingia kwa akaunti ya zamani ya kufanyia kazi kutoka mbali, akaunti ambayo haikukusudiwa kutumika tena lakini haikuwa imefutwa, neno lake la siri likiwa limekwisha kuvuja, wala haikudaiwa uthibitisho wa pili baada ya neno hilo. Idhini ilikuwa imemshinda umri mwenyewe, na hapakuwa na mtu aliyeuliza habari zake.

Ili kuelewa kwa nini swali jepesi namna ile huwa gumu kulijibu, yatupasa turudi nyuma kidogo. Hapo zama za kale za kompyuta idhini ziliandikwa kwa majina ya watu: fulani asome faili hili, fulani aliandike lile. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walieleza katika makala iliyopata kuwa mashuhuri kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe idhini zile tu zinazohitajika kutimiza kazi yake, zisizidi. Kanuni hiyo hakuna aliyeipinga, ila kuitekeleza kwa majina ya watu mmoja mmoja, katika ofisi yenye watu elfu na mafaili yasiyo idadi, kulikuwa karibu na muhali. Ndipo mwezi wa Oktoba, 1992, katika mkutano uliofanyika Baltimore, David Ferraiolo na Richard Kuhn wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani wakaleta shauri kwamba idhini zisifungwe kwenye mtu bali kwenye wadhifa, na mtu apewe wadhifa. Ravi Sandhu na wenzake wakalipanga wazo hilo kwa tafsili zaidi mwaka 1996, na mwaka 2004 likaidhinishwa kuwa kiwango cha taifa katika nchi ile.

Watu wa pwani hawana haja ya kusomeshwa wazo hilo, kwani katika jahazi anayeshika usukani huushika kwa sababu ya zamu yake, si kwa sababu ya jina la baba yake. Akishuka bandarini na mwingine akapanda, usukani haung'olewi ukachongwa mwingine. Kadhalika nahodha ana yake ya kuamuru, serahangi ana yake, na baharia anayeteka maji ngamani ana yake, na hayo yote yalijulikana kabla ya mtu yeyote miongoni mwao kuajiriwa katika safari.

Wala mfano wa jahazi si wa kuuleta kwa nguvu hapa, maana mfumo ambao chombo chetu kinauhudumia umepewa jina la kibaharia. Unaitwa Kubernetes, neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani, na alama yake ni gurudumu la usukani lenye mikono saba. Kampuni ya Google iliutoa hadharani mwaka 2014, toleo lake la kwanza lililokamilika likatoka Julai, 2015, na leo ni mfumo unaotumiwa na mabenki, makampuni ya simu na idara za serikali katika pembe nyingi za dunia. Kazi yake ni kuzichukua programu zilizofungashwa katika makontena, kuzigawa juu ya kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama kompyuta moja, na kuiinua upya ile inayoanguka bila ya kumwamsha mtu usiku. Kompyuta hizo zote pamoja huitwa klasta, na ndani ya klasta mna sehemu zilizotengwa, ambazo mimi katika maelezo yangu nimeziita mitaa, kila mtaa na jina lake: mtaa wa malipo, mtaa wa tovuti, mtaa wa majaribio.

Mpango wa nyadhifa ulifikia katika Kubernetes hatua ya beta, yaani ya majaribio ya mwisho, katika toleo la 1.6, mwaka 2017, na ukathibitishwa katika toleo la 1.8 mwaka huo huo. Mpango wenyewe umejengwa juu ya mambo matatu. Kwanza kuna wadhifa, ambao si kitu ila orodha ya vitendo na vitu vinavyotendwa: kusoma, kuorodhesha, kuunda, kubadilisha, kufuta. Pili kuna mhusika, ambaye aweza kuwa mtu, au kundi la watu, au programu inayofanya kazi ndani ya klasta. Tatu kuna hati inayomuunga mhusika na wadhifa, ambayo nimeona jina lake la Kiswahili lililo sahihi ni hati ya uteuzi, kwani ndivyo ilivyo hasa: barua isemayo kwamba fulani ameteuliwa kushika wadhifa fulani, ama katika mtaa mmoja, ama katika klasta nzima.

Hapo pana jambo moja ambalo naomba msomaji alishike barabara. Katika mpango huu hakuna hati ya kukataza. Kila hati huongeza, hakuna inayopunguza. Mtu mwenye hati tano ana jumla ya yote yaliyomo katika hati tano, na ukimfutia moja iliyomruhusu kufuta data hujamzuia kufuta data iwapo mojawapo ya zile nne zilizobaki inasema vivyo hivyo. Kwa hiyo haitoshi kuijua hati moja ya mtu, sharti uzijue zote. Na hati hizo hazikukusanywa mahali pamoja chini ya jina lake, bali zimetawanyika, kila moja katika mtaa wake, chini ya jina lolote lililompendeza mwandishi wake siku ile. Mfumo unazihifadhi kwa kuzifuata hati, ilhali binadamu huuliza kwa kumfuata mtu. Ni sawa na msajili wa ndoa aliyeziweka hati zake kwa mitaa ndoa zilikofungwa, halafu akaja mtu kumuuliza bwana fulani ameoa mara ngapi: jibu limo kabatini, lakini litapatikana kwa kufungua kila jalada.

Kazi hiyo ya kufungua kila jalada ndiyo inayofanywa na rbac-lookup, iliyoandikwa na kampuni ya Marekani iitwayo leo Fairwinds, ambayo iliitoa bure pamoja na maandishi yake ya ndani ili kila apendaye aisome na kuirekebisha. Unaliandika jina la amri, ukafuatisha jina la unayemtafuta, nayo inazipitia hati zote za klasta, inachagua zile zilizomtaja, na kuzitandaza mbele yako kwa mistari, kila mstari na safu tatu: mhusika, upeo, na wadhifa.

Nilipomaliza rasimu ya kwanza ya maelezo yangu nilimpa binti mmoja, aliyekuwa na juma moja tu kazini, aisome peke yake kisha aitumie programu mimi nikiwa nimekaa kando bila ya kusema neno. Hiyo ndiyo mizani pekee ninayoiamini katika kazi hii. Kwenye skrini palitokea mistari miwili:

asha@example.com, malipo, ClusterRole/edit
asha@example.com, cluster-wide, ClusterRole/view

Binti akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, kwenye safu ya mwisho, akageuka kwangu. "Maalim, huyu Asha ndiye mwenye mamlaka ya kubadilisha klasta nzima?"

"Umeyaona wapi hayo, mwanangu?"

"Si hapa pameandikwa ClusterRole?"

Nami nikafahamu kwamba kosa ni langu, si lake. Nilikuwa nimefasiri kila neno, lakini sikumfundisha msomaji aanzie wapi kusoma. Neno lile la safu ya tatu linaeleza mahali wadhifa ulipotungwa, yaani kwamba umetungwa mara moja kwa klasta nzima, ili kila mtaa uutumie bila ya kuutunga tena. Mahali unapofanya kazi panaelezwa na safu ya katikati, na safu ya katikati imesema malipo, basi. Asha anabadilisha vitu katika mtaa wa malipo na haruhusiwi kugusa kitu katika mtaa mwingine. Mstari wa pili ndio wenye upeo wa klasta nzima, na huo unampa kutazama tu. Usiku ule niliipangua sehemu ile yote, nikaandika kwamba mstari husomwa kuanzia kwa mhusika, kisha wadhifa, kisha upeo, na kwamba upeo ndio unaoukata wadhifa kama mkasi unavyokata kitambaa, hata kiwe kirefu vipi.

Ila hata hapo hatujafika. Asubuhi yake binti yule alisoma tena, safari hii sawasawa, akasema kwamba, kwa hivyo basi, mstari wa kutazamwa kwanza na mwenye hadhari ni ule wa pili, maana ndio wenye upeo mpana. Ni maneno ya akili, na asiyejua undani wa nyadhifa hizi angeyakubali. Lakini wadhifa uitwao view, kama ulivyotungwa na waunda Kubernetes, haumruhusu mwenye kuushika kuona vile vitu ambavyo mfumo unaviita siri, yaani maneno ya siri na funguo ambazo programu huzitumia kuingilia kwenye hifadhi za data. Ilhali wadhifa wa edit humruhusu kuzisoma siri zote za mtaa aliopewa, na zaidi ya hayo humruhusu kuanzisha programu kwa jina la akaunti yoyote ya programu iliyomo mtaani humo, na kwa njia hiyo kuazima idhini za akaunti hiyo. Mstari mfupi ndio mzito. Aliye na mtaa mmoja tu wa malipo anaweza kufika, kwa mkono wa programu, mahali ambapo hati yake mwenyewe haikumtaja. Programu yetu haiyasemi haya, kwa sababu inataja jina la wadhifa na kukomea hapo, haifungui orodha ya vitendo vilivyomo ndani. Na kama mwandishi wa maelezo asipoyasema, ni nani atakayeyasema?

Kuna na jambo la majina. Programu hulinganisha herufi ulizoandika na sehemu yoyote ya jina, haidai jina zima, na jambo hili ni la manufaa kwa asiyekumbuka anwani kamili. Walakini katika nchi zetu mtu akitafuta "ali" ataletewa Ali, na Khalid, na Salim, maana herufi hizo tatu zimo katika majina yote hayo. Na klasta ikiwa inatumia programu ya mtandao iitwayo Calico, kama zitumiavyo nyingi, ataletewa na akaunti ya programu hiyo pia. Anayesoma kwa haraka anaweza kumhesabia Ali madaraka ya Salim. Basi niliandika mfano huo huo katika maelezo, kwa majina hayo hayo, nikaonyesha na njia ya kuchuja, kwamba mtu aweza kuiamuru programu ilete watu peke yao, au makundi peke yao, au akaunti za programu peke yake. Na kwamba akitaka jibu pana ataongezewa aina ya mhusika na jina la hati ya uteuzi yenyewe, ambalo asipolijua hataweza kuifuta.

Katika majuma yale mawili nilikuwa nikikumbuka kitabu kimoja cha kazi hii yetu, kitabu cha mwongozo cha Unix, kilichotolewa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell tarehe 3 Novemba, 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kurasa zilipangwa kwa utaratibu mmoja: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo yake, mafaili inayoyagusa, kisha kuelekea mwisho palikuwapo sehemu ya kutaja kasoro zake, iliyoandikwa na watu wale wale waliozitengeneza amri hizo. Mtu ametengeneza kitu kwa mikono yake, na kabla ya kukikabidhi anaandika kwa mkono ule ule mahali kinapopungua. Nimesoma maelezo mengi ya vyombo vya siku hizi yaliyojaa sifa, yenye picha nzuri na rangi, na ndani yake sikukuta mstari mmoja wa namna ile. Na mintarafu ya chombo kinachohusu amana za watu, naona upungufu huo si mdogo.

Basi nami nikaandika sehemu ya yale ambayo chombo hakiyaoni, nikaiweka mbele, mara tu baada ya mfano wa kwanza, si mwishoni ambako wachache hufika. Nikaandika kwamba klasta inayoendeshwa katika mitambo ya Google ina mlango wa pili wa idhini, unaotunzwa nje ya Kubernetes, na kwamba programu hii haitautazama mlango huo mpaka iamriwe kwa neno la ziada. Nikaandika kwamba kuna kundi liitwalo system:masters, ambalo mfumo huliruhusu kufanya kila kitu bila hata ya kuzisoma hati za uteuzi, hivyo kufuta hati hakumzuii aliyemo ndani yake. Na nikaandika, kwa herufi nzito, kwamba Kubernetes haina daftari la watu wake: haimjui mtu hata aje, na anapokuja huambiwa na mlango wa nje kwamba huyu ni fulani na yumo katika makundi kadhaa. Kwa hiyo ukitafuta kwa jina la mtu utaonyeshwa hati zilizomtaja yeye kwa jina, na hati zilizolitaja kundi lake hazitatokea, kwa kuwa ndani ya klasta hakuna mahali palipoandikwa kwamba yumo katika kundi hilo.

Siku ya kukabidhi kazi, mkuu wa idara alitaka aone mwenyewe. Binti akaandika jina la yule bwana aliyeondoka, ikatokea mistari mitatu: miwili ya mtaa wa majaribio, mmoja wa mtaa wa malipo. Akaomba jibu pana, akazinakili hati zote tatu kwa majina yake, akazifuta moja moja, akaandika jina tena. Safari hii haukutokea mstari hata mmoja. Mkuu akashusha pumzi, akasema jambo limekwisha, wengine wakaanza kufunga kompyuta zao.

Binti hakufunga. Alikuwa na karatasi ya maelezo yangu mezani, na nilimwona akiisoma sehemu ile ya mbele kwa kidole, kama alivyosoma ule mstari wa Asha siku ya kwanza. Akaiamuru programu ilete makundi peke yake. Yakaja machache, na miongoni mwao kundi la wahandisi, lenye wadhifa wa edit katika mtaa wa malipo.

"Maalim," akaniuliza, "wahandisi ni kina nani?"

Nikamwambia kwamba klasta haijui, na kwamba orodha ya makundi hutunzwa na ofisi ya watumishi, ghorofa ya chini, kwa bibi mmoja mwenye miwani ambaye hakupata kusikia habari za Kubernetes maishani mwake. Binti akachukua kalamu na kipande cha karatasi, akashuka. Alirudi baada ya robo saa, akaiweka karatasi mbele ya mkuu wa idara bila ya kusema kitu. Yalikuwa majina kumi na moja, kwa mwandiko wake, na jina la saba lilikuwa la yule bwana aliyeondoka Ijumaa.